Samahani Iliyogongwa Muhuri

Walimkalisha juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, katika chumba cha nyuma cha supamaketi, katikati ya katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kula. Kiti kilikuwa kimoja tu, na kilikaliwa na meneja. Mezani palikuwa na rili ya uzi mweupe, imewekwa katikati kabisa ya karatasi safi, kama kitu kilichookotwa penye ajali.

"Huo uzi ni wa bibi yangu," msichana alisema tena.

Meneja alipapasa mifuko yake. Alikuwa akitafuta kalamu.

Mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake, na tangu barua ya chuo cha uuguzi ilipofika jina hilo lilikuwa limepata nguvu mpya. Majirani walimsihi akishahitimu asianze na wao, maana walijua walivyomchapa utotoni na hawakutaka kulipizwa. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa akimshonea sare za chuo. Kwa Bibi, weupe haukuwa rangi moja. Kulikuwa na weupe wa maziwa, weupe wa chaki, na weupe unaopiga kwenye buluu, na uzi wa maziwa juu ya kitambaa cha chaki, alisema, huonekana kama kovu usoni. Kwa hiyo alipoona uzi hautatosha sare ya pili, alimpa mjukuu wake rili iliyobaki aende nayo akalinganishe. Ndivyo walivyofanya miaka yote kwa wauza uzi wa barabarani na kwenye vibanda vya vifungo. Unakwenda na chako mkononi, unakiweka ubavuni mwa cha watu, unatazama.

Siku hiyo barabarani uzi haukupatikana, akaingia supamaketi. Begi aliliacha mlangoni kama ilivyotakiwa. Rili alikuwa ameishika kiganjani, na hakuna aliyemuuliza. Alisimama mbele ya rafu, akalinganisha, akaona wa dukani unapiga kwenye buluu, akarudisha wa kwao mfukoni, akatoka. Mlinzi alimshika mkono kabla hajafika kwenye ngazi.

Alikuwa mtu mzima, huyo mlinzi, mwenye mvi za masikioni. Hakumshika kwa nguvu, na alipokuwa akimpitisha katikati ya wateja alijiweka upande wenye watu wengi ili wasimwone vizuri. Sasa alikuwa amesimama mlangoni akiitazama ile rili.

"Bosi," alisema, "uzi wenyewe umeshatumika. Umebaki nusu."

"Wanauvuta humu humu ndani," meneja alisema. "Ili wapate cha kusema."

Mlinzi alikohoa, akatazama viatu vyake.

Vijana wawili waliingia kutoka dukani wakiwa wamebeba katoni za maziwa ya unga. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na gari dogo lilikuwa limeegeshwa limepakana na ukuta, buti juu. Meneja alisogeza kiti chake kidogo, bila kuinua kichwa, ili wapite. Walirudi wakachukua nyingine. Katoni zilipokwisha, gari likaondoka, na mmoja wa vijana akafunga mlango kwa komeo.

Meneja hakuwa mtu wa kufoka. Alimweleza Sindano kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba kila mwezi vitu hupungua kwenye rafu, na makao makuu hawataki kusikia vimepungua, wanataka kumwona aliyevipunguza. Kisha akamuuliza nyumbani kuna nani wa kumpigia simu.

Bibi alikuja na pini bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Aligonga katoni moja kwa nyonga alipoingia, na akaiambia katoni samahani.

Alikuwa mtu wa samahani, Bibi. Aliwaomba radhi kuku waliompita miguuni, na wateja waliochelewa wenyewe kuja kuchukua nguo zao. Nyumbani kwake aliyetangulia kuomba radhi ndiye aliyekuwa mkubwa, na neno lilifia hapo hapo. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza kosa lilikuwa la nani. Sindano alikulia humo. Alijua kusema samahani kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

"Mama," meneja alimwambia Bibi, na akasimama ili ampishe kiti, "mimi pia nina watoto. Akisaini hapa kwamba anaomba radhi, jambo linaishia humu ndani. Asiposaini, itanibidi nimpeleke mbele."

Karatasi ilikuwa imeshachapwa, kulikuwa na nafasi tu ya jina na ya bidhaa. Sindano aliisoma mara mbili.

"Bibi, hii inasema nimekutwa na mali ya duka."

"Na kuomba radhi hakumo?"

"Kumo. Mwishoni."

Bibi aliitazama karatasi kwa mbali, kwa macho ya mtu aliyeacha miwani kwenye cherehani. Aliutazama pia mlango uliofungwa kwa komeo, na mjukuu wake juu ya kreti.

"Andika, mwanangu," alisema. "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kuomba radhi hakumpunguzii mtu kimo. Andika twende nyumbani, chuo kinakungoja."

Aliandika. Meneja aliupuliza wino ukauke, akachukua muhuri kwenye droo, akagonga. Halafu akainua simu akawaita polisi.

Bibi alidhani hakusikia vizuri. Meneja alimweleza, bado kwa upole, kwamba huo ndio utaratibu wa kampuni. Aliyekiri lazima akabidhiwe.

Wakati wakisubiri nje ngazini, mlinzi alimletea Sindano begi lake na chupa ya maji aliyoinunua mwenyewe. Alisubiri hadi meneja alipoingia ndani.

"Ungekataa, binti, wangekuachia," alisema. "Wanaokataa huwa wanaachiwa. Nilidhani bibi yako anajua."

*

Kituoni walimtia wino vidole vyote kumi, na Koplo wa mapokezi akamfuta yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Aliwaambia waende nyumbani, kesi yenyewe ni ndogo, wakihitajika wataitwa. Walimshukuru sana. Hawakuitwa.

Bibi alimaliza sare ya pili kwa uzi alioukuta kwenye kopo kuukuu la vifungo. Wiki ya kufungua chuo Sindano alikwenda kituoni kuchukua cheti cha tabia njema, kama kila mwanafunzi mpya alivyotakiwa. Alirudi mikono mitupu. Jina lake lilikuwa na faili, na mwenye faili lililo wazi hapewi cheti.

Chuoni, ofisi ya udahili ilikuwa ya mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimvutia Sindano kiti, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya tangu siku ile. Alifungua matokeo yake, akatikisa kichwa kwa kupendezwa na alama za biolojia. Alimuuliza kwa nini alichagua uuguzi. Sindano alimwambia kwamba Bibi aliwahi kulazwa, na usiku kucha kuna muuguzi mmoja aliyekuwa akija kumgeuza ubavu bila kuitwa.

"Sasa mama, mimi nifanye nini?"

"Waambie walifunge faili, mwanangu, kabla ya Ijumaa."

"Na wasipolifunga?"

Mama wa udahili aliivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Mimi nakuamini," alisema. "Nataka ujue hivyo. Lakini tunawapa ninyi ufunguo wa kabati la dawa. Nikikuandikisha bila cheti, wakija wakaguzi hawataniuliza kama nilikuamini."

"Naweza kuomba tena mwakani?"

"Unaweza. Utaleta cheti tu."

Alimsindikiza hadi kwenye ngazi, jambo ambalo mtu wa ofisi hana lazima ya kulifanya, na akamshika bega. Sindano alipogeuka akamwona kupitia dirisha akiinua simu na kuita jina la mtu aliyekuwa akisubiri nafasi.

Koplo alisema faili hawezi kulifunga yeye, lazima mlalamikaji aje aondoe malalamiko. Sindano na Bibi wakaenda kwa mlalamikaji. Meneja aliwakumbuka, akawasalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani.

"Ningependa kuwasaidia," alisema. "Lakini binti amekiri mwenyewe, kwa mkono wake. Nikisema hakuiba, nitakuwa namwita mwongo."

Mlangoni, mlinzi alikuwa mwingine.

Ijumaa ilipita. Sare mbili zilibaki zimetundikwa nyuma ya mlango, ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka Bibi alipozishusha bila kusema kitu akaziweka chini kabisa ya sanduku. Tangu hapo kuna neno lilimpotea mdomoni. Alipomkanyaga kuku alinyamaza. Alipomgonga mteja kwa kiwiko akipima, alinyamaza vilevile, na mteja akashangaa. Majirani walisema uzee umeanza kumfanya mkali. Sindano hakuwaeleza. Yeye na Bibi hawakuwahi kuizungumzia ile karatasi, ila usiku mmoja taa ikiwa imezimwa Bibi alisema, kama anayeendelea na mazungumzo, "Miwani niliiacha kwenye cherehani," na Sindano akamjibu, "Najua, Bibi. Lala."

*

Waliendelea kwenda kituoni. Kila walipokwenda Koplo aliwapa benchi, na kila mara alikuwa na sababu mpya na uso uleule mwema. Kompyuta ilikuwa imelala, au mpelelezi wa faili alikuwa kwenye semina, au mkuu hakuwa amesaini.

Siku moja alipoinama kuokota kalamu, suruali yake ikapasuka nyuma. Askari wenzake walicheka hadi mahabusu nao wakacheka. Bibi hakucheka. Alitoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akamwambia aingie chumba cha pili aivue, na akaishona pale pale kwenye benchi, mshono ambao hata kwa kidole usingeusikia. Koplo alitoka akijipapasa kwa mshangao. Alikwenda kabatini, akalitoa faili la Sindano kutoka chini ya rundo, akaliweka juu.

"Hili sasa litaonekana," alisema.

Walirudi nyumbani wakiwa na moyo. Wiki iliyofuata alikuja yeye mwenyewe hadi kwao, na suruali mbili za kukatwa pindo. Halafu akaja na shati la mwenzake. Hakuna aliyetaja malipo, na Bibi hakuuliza, kwa sababu mtu ambaye faili lako liko mezani kwake humuulizi. Macho ya Bibi yalikuwa yakichoka na kitambaa kile kizito, kwa hiyo Sindano akaanza kumsaidia vifungo, kisha pindo, kisha zipu. Kabla mvua hazijaanza alikuwa akikaa cherehani kuanzia asubuhi, na Bibi ndiye aliyekuwa akimpigia pasi. Sare za kituo kizima zilipita mikononi mwake. Alizijua kwa jasho: huyu wa zamu ya usiku, huyu anayekula mezani, huyu mkewe amesafiri. Wateja wa mtaani, walipokuta foleni ya nguo za askari, walikwenda kwa fundi mwingine.

Mara moja alimwambia Bibi kwamba anataka waache.

"Tukiacha?" Bibi aliuliza.

Sindano alifikiria. Akaendelea kukanyaga cherehani.

Koplo alifika alasiri moja akiwa na kitambaa kipya chini ya kwapa na tabasamu lisilofichika. Alikuwa amepandishwa cheo. Alitaka shati la kuvaa siku ya kuvishwa cheo, la kushonwa hasa, si la stoo. Bibi alimpongeza kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya. Koplo alikaa, akakubali maji, akasema cheo kimekuja na uhamisho, na kwamba mwisho wa mwezi atakuwa kituo kingine.

Cherehani ilisimama.

"Na faili letu, afande?" Sindano alisema.

"Hilo ndilo lililonileta hasa," Koplo alisema, na alimaanisha. "Sitaondoka nikawaacha hewani. Anayekuja nimeshazungumza naye. Itabidi alisome upya, tangu mwanzo, ndio utaratibu, lakini nimemwambia habari zenu. Nimemwambia watu hawa ni watu wema, na kazi yao ni safi." Alimgeukia Bibi. "Naye ana mwili mkubwa. Sare zote zinambana."

Bibi alikuwa ameshika daftari la vipimo. Alifungua ukurasa mpya.

Koplo alivua kofia, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono kama mtoto anayevishwa. Sindano alichukua tepu. Alipima mabega, kifua, urefu wa mkono, akitaja namba, na Bibi akiandika. Kisha akaipitisha tepu shingoni.

"Usiibane," Koplo alisema, akiinua kidevu, macho darini. "Acha nafasi ya kidole. Mtu lazima apumue."

Sindano aliingiza kidole kati ya tepu na ngozi. Chini yake mshipa ulikuwa ukipiga, taratibu, kwa nguvu, pigo baada ya pigo, wa mtu mzima asiye na homa wala wasiwasi. Alikiacha kidole pale, akihesabu mapigo, muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji.

"Ngapi?" Bibi aliuliza.