Meli Iliyokataa Kuzama

Tk, tk, tk. Uzi ulikuwa ukikatwa karibu kabisa na sikio la Mwamini, na adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Akapapasa kichwani. Mto haupo.

"Baba Twalibu, unaufanya nini mto wangu?"

"Natoa pamba kidogo tu," akajibu mumewe gizani. "Wewe lala."

Alalie nini, hakusema. Mwamini hakugomba. Alijua pamba inakwenda wapi, akamwashia taa asije akajichoma kisu.

Mumewe huyo, Mzee Kibwana, alikuwa fundi wa vyombo vya baharini hapa kisiwani Maparoni kwa miaka arobaini, na hakuna chombo chake hata kimoja kilichowahi kuzama. Siku hizi watu wananunua boti za plastiki, na tangu mwaka juzi hakuna aliyebisha hodi kumtaka kazi. Ndipo akaja Mwalimu Swaumu, anayefundisha historia kule Kibiti, na picha ya manowari ya matanga. Kwa adabu zake zote, akamwomba amtengenezee mfano wake, wenye urefu wa mkono mmoja, na uwe wa kuzama.

"Wa kuzama?" Kibwana aliuliza mara tatu.

Mwalimu akamweleza. Meli yenyewe iliitwa Vasa, ya mfalme wa Uswidi, karibu miaka mia nne iliyopita. Ilikuwa ndefu, nyembamba, yenye safu mbili za mizinga, na kila mzinga na dirisha lake ubavuni. Kabla ya safari, watu thelathini walikimbizwa juu yake kutoka upande huu hadi huu, ikayumba vibaya, wakasimamishwa upesi isije ikapinduka pale pale gatini.

"Halafu wakaipeleka baharini?"

"Mfalme alikuwa anaingoja, babu. Nani amwambie? Upepo mdogo tu ukailaza, maji yakaingia madirishani. Haikumaliza hata safari yake ya kwanza."

"Na fundi wake?"

"Alikufa mwaka mmoja kabla."

"Basi Mungu alimsitiri," Kibwana akasema, akaikubali kazi.

Akaichonga kwa mbao za mwembe, nzuri ajabu. Lakini usingizi ukamtoka. Akamwambia mkewe, "Watu watasema chombo cha Kibwana kimezama. Mwalimu akiikataa hii, basi, sishiki tena tezo." Mwamini akawa anaomba dua mbili zinazopingana: meli izame mwalimu afurahi, na meli isizame mzee apone.

Siku ile ya pamba, mwalimu akafika kwa boti na wanafunzi wanane kuijaribu, maana wazazi walikuwa wamealikwa shuleni Jumamosi kuiona ikizama. Akavua viatu mlangoni, akaamkia, akasaidia kusogeza beseni kubwa la maji uani. Meli ikawekwa majini. Wanafunzi wakashika nyungo mbili, wakaipepea.

"Zama! Zama!"

Meli ikainama kwa heshima, ikainuka.

"Pepeeni kwa nguvu!"

Ikainama tena, ikainuka. Safina, msichana mwenye maneno mengi kuliko wenzake, akaisukuma kwa kidole. "Mwalimu, hii imegoma. Babu kaipa dawa!"

Mwalimu akaitoa majini, akaigeuza. Kila dirisha la mzinga lilikuwa limezibwa kwa pamba na mafuta ya papa, kalafati safi ya chombo cha kwenda Mafia. Tumbo lilikuwa pana kuliko la kwenye picha, na ndani mlikuwa na mawe ya kuituliza.

"Babu, tulikubaliana izame."

"Tulikubaliana," akasema Kibwana akitazama ukuta. "Mdomo ulikubali, mkono ukakataa. Hayo matundu unaweza kuyazibua. Mimi niache niende ndani."

Mwalimu Swaumu akachomoa pini kwenye ushungi wake, akaielekeza kwenye dirisha la kwanza. Mwamini akashikilia kanga yake kifuani. Pini ikakaa pale, ikakaa, kisha ikarudi kwenye ushungi.

"Toeni madaftari," akasema. "Mfalme alikuwa na maofisa na makapteni, na hakupata mtu mmoja wa kumkatalia. Sisi tunaye. Babu, usiende. Waeleze umebadilisha nini, na kwa nini."

Kibwana akaeleza mpaka chai ikapoa: uzito ushuke chini, tumbo litanuke, na ubavu usitobolewe karibu na maji hata kama ni kwa amri ya mfalme. Wanafunzi wakaandika. Mwamini akaona jinsi mwalimu alivyokuwa akimuuliza mambo ambayo mwenyewe aliyajua tayari, ili tu mzee aendelee kusema, akampenda kwa hilo.

"Sasa Jumamosi itazama nini?" Mwalimu akauliza mwishowe. "Wazazi nimeshawaambia."

"Mimi nitatengeneza ya kuzama!" Safina akadakia.

Kibwana akamtazama vidole vyake, akatazama na namna alivyoshika ungo. "Wewe utaiweza vizuri sana, mjukuu wangu. Wala usijifunze kwanza."

Uani pakavuma kicheko, na Safina akacheka kuliko wote.

Wakaibeba meli ya Kibwana ikakae kando ya ile itakayozama, watu walinganishe. Mzee akawasindikiza mpaka kwenye boti, akaingia matopeni hadi magotini kuwasaidia kuisukuma. Injini ilikuwa imeshawaka alipopaza sauti:

"Mwalimu! Mje tena! Na wiki ijayo mje, msingoje mpaka muwe na kazi!"