Maua ya Maboga ya Tupokigwe

Mwaka hamsini na nne, mlimani juu ya Mbeya, Tupokigwe, mama wa Yotamu, alitegemea shamba la maboga tu. Mahindi yalikuwa bado machanga, mume yuko Chunya anachimba dhahabu, na ghalani hamna kitu. Maboga yale ndiyo yangewavusha watoto.

Basi vijidudu vyekundu vikaingia kwenye majani. Shemeji yake Jailos, kibarua wa shamba la kahawa la Mzungu, akamletea unga mweupe wa dawa, akamwambia unaua kila kidudu. Tupokigwe akaunyunyiza kwenye majani, akautia hata ndani ya maua, asubuhi nyuki wakiwemo. Vijidudu vikafa, naye akafurahi.

Lakini viboga vichanga navyo vikaanza kugeuka manjano na kuoza, kimoja baada ya kingine. Jirani yake Asukile akaja na nyuki wakavu kiganjani. Mizinga yake yote ilikuwa kimya.

“Nimewaua nyuki wako, Baba,” Tupokigwe alisema. “Lakini maboga nimeyakosea nini?”

“Nani alikuwa anatoa vumbi la njano kwenye ua dume na kulipeleka kwenye ua lenye kiboga? Umemuua. Sasa ingia mwenyewe mauani, Mama Yotamu, uwe nyuki.”

Asukile alisema kwa kumkejeli. Tupokigwe hakulala. Mvua ilikuwa imekwisha kuosha dawa. Kama ni kazi ya kupeleka vumbi, mikono anayo.

Kulipokucha akaenda shambani. Maua yenye viboga yalikuwa yamefunguka, mengi. Maua madume hakuyaona hata moja, vikonyo vitupu tu. Akakimbilia jikoni. Binti yake Tekla alikuwa amewahi kuamka, akayachuma yote kama walivyozoea, maana ua lisilozaa ni mboga. Chungu kilikuwa kinatokota.

“Nimekusaidia, mama,” Tekla alisema.

Angemgombeza vipi? Mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Akaenda kwa Asukile mbio, akapiga magoti kwenye umande, akaomba maua madume.

“Hata huku nyuki hawaji tena,” Asukile alisema. “Yangu nayahitaji. Na mimi nina watoto.”

Kisha akachuma moja, akampa bila kumtazama.

Tupokigwe akarudi amelikumbatia kama kifaranga. Akalisugua ndani ya ua la kwanza lenye kiboga, la pili, la tatu. Vumbi likaisha. Akaendelea kusugua kwa ua lile lile tupu, hata likakatika vidoleni.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mbele yake maua yaliyobaki, ambayo hufunguka asubuhi moja tu, yalianza kujikunja, na kila moja lilikuwa na kiboga chake kidogo, kibichi, kizima. Akapiga magoti kwenye lililo karibu, akajaribu kulizuia kwa vidole lisifumbe. Kule jikoni Tekla alikuwa anawaita wadogo zake waje kula.