Wagonjwa Mia Mbili

Dakika kumi kabla ya usaili wa uprofesa, nilifungua data ya utafiti ulionipa jina, nijikumbushe tu tarakimu. Macho yalinitoka pima. Wagonjwa mia mbili niliowatumia kuipima programu yangu ya kusoma picha za mapafu walikuwemo pia kwenye data niliyoifundishia. Programu ilionyeshwa majibu kabla ya mtihani, ndiyo maana haikukosea. Miaka sita nimetamba nayo, mpumbavu mimi, na hospitali tatu zinaitumia.

Nikaifunga kompyuta. Mlango ukafunguliwa.

“Ingia, mwanangu,” mwenyekiti wa jopo alisema akitabasamu. “Mbona una wasiwasi? Jana mimi mwenyewe nilipigwa picha ya mapafu. Programu yako imesema niko mzima.”

Kisha akaanza kukohoa, na hakuacha.