Tumbawe la Shekue

Mwalimu Cresensia alipohamishiwa Karatu mwaka 1984, mumewe Shekue alibaki kazini Tanga. Siku ya kuagana alimpa tumbawe hai ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Cresensia alilitunza kwenye tangi la kioo, lakini likaanza kufifia.

"Linahitaji mwanga mwingi," alimwambia Qamara, fundi umeme. "Ila taa kubwa siziwezi."

"Funga tyubu mbili nyeupe, mwalimu. Ni za bei nafuu, wala hazichemshi maji. Mchana, lisogeze dirishani lipate jua."

Wiki ya tatu tumbawe lilichanua. Cresensia alichovya kidole majini, akalamba ile chumvi, machozi yakamlengalenga. Likizo ya Shekue ilikuwa bado miezi saba.