Kidole cha Mwashi

Mimi ni mjuaji, tuanzie hapo. Mjomba wangu, mwashi wa miaka arobaini, alipopooza miguu aliniomba kitu kimoja tu: kitanda cha kuinuka upande wa kichwani, chenye swichi ya kubonyeza, ili mkwe wake, mke wa mwanawe, aache kumnyanyua kila asubuhi. Mkwe hakuwahi kununa hata siku moja. Lakini akimshika kwapani, mjomba alikuwa anafumba macho. Aibu ilikuwa inammaliza kuliko ugonjwa.

Nikacheka. Swichi, zama hizi? Nikamwambia nitamtengenezea programu ya simu, bila waya wowote: yeye aguse kioo, mota iitike. Miezi miwili sikushika kazi nyingine. Nilifunga mota chini ya kitanda, nikachora kitufe kikubwa cha kijani, nikakijaribu mara mia kwa kidole changu. Hakikugoma hata mara moja.

Siku ya kumkabidhi, mkwe alisimama mlangoni, mikono nyuma, asije akajisahau akasaidia. Mjomba akagusa. Kimya. Akagusa tena, akasugua kidole kwenye shuka, akakilamba. Wapi! Nikazima, nikawasha, jasho linanitoka. Kisha nikamshika mkono, nikatamani ardhi ipasuke. Saruji ilikuwa imemaliza ncha zote za vidole, ngumu na kavu kama kisigino. Kioo kile huhisi ngozi, na ngozi yake hakikuihisi.

Na mimi, pumbavu, nikanyoosha kidole changu nikagusa. Kitanda kikapanda taratibu, mjomba akiwa juu yake.

"Hata simu haijui kama nipo," akasema.

Kesho yake asubuhi nilileta swichi ya waya, ya kubonyeza kwa nguvu, ile ile aliyoitaka tangu mwanzo. Saa moja tu ilinitosha kuifunga. Nikamwekea kiganjani, nikamwomba radhi, nikambembeleza kama mtoto. Mkono ukabaki umelala wazi. Nikamwambia, mjomba, jaribu mara moja tu, kwa ajili yangu. Hakunitazama. Jikoni mkwe alikuwa anaosha vyombo, na nilijua anasikiliza.

"Mwite aje aninyanyue," mjomba akaniambia. Macho alikuwa ameshayafumba.