Nguzo za Siku ya Tisa

Mafundi walimwita Mama Timazi kwa sababu hakuamini ukuta wowote kabla hajauteremshia ile kamba yake yenye kipande cha chuma. Kuta aliziweza. Aliyemshinda ni mtu mmoja tu, na huyo aliishi ndani ya kichwa chake mwenyewe. Alimpa jina la Wifi, maana aliingia bila hodi, akakagua kila kitu na hakuridhika na chochote. "Wewe na usimamizi wapi na wapi?" ndiyo iliyokuwa salamu yake ya kila asubuhi.

Hilo lilikuwa jengo lake la kwanza kama fundi mkuu, na wanaume kumi na mmoja walikuwa chini yake. Kabla ya kazi kuanza alipelekwa semina ya wanawake viongozi. Mkufunzi, mama mwenye miwani na maneno matamu, aliwaambia: "Sauti ya woga ni mwizi. Ikikwambia usithubutu, wewe thubutu!" Mama Timazi aliyaandika maneno hayo kwenye daftari, akayapigia mstari. Laiti angejua yatakavyokuja kumkaba koo.

Siku ya tisa tangu wamwage zege la dari, mwenye jengo alifika na viatu vyake visivyopenda tope. Dari ilikuwa bado imeegemea nguzo za miti, zimesongamana hivi kwamba mtu hapiti bila kujibana.

"Mama, ng'oeni hizi nguzo leo. Watu wa plasta wanakuja kesho, na wakikosa kazi hapa wanakwenda kwingine."

"Bado, mzee. Mpaka siku ishirini na moja."

"Ishirini na moja! Jirani yangu aling'oa siku ya nane na nyumba yake ipo. Au unaogopa?"

Neno hilo lilimpata penyewe, kwa sababu ni kweli aliogopa. Wifi akadakia: "Umesikia? Kila mtu anaona. Mwanamume angekuwa ameshang'oa." Na yule mama wa semina naye akaingilia, kichwani humo humo, na "thubutu" yake. Akikataa, ni woga. Akikubali, huenda ni ushujaa, huenda ni matanga. Huku ukuta, kule ukuta. Aliona aibu, halafu akaona hasira kwa sababu ya ile aibu.

"Tuanze, Mama?" aliuliza Kipara, mkubwa wa mafundi wote kwa umri, nyundo mkononi. Wenzake walishaingia chini ya dari, kila mtu na nguzo yake. Mdomo wa Mama Timazi ulikuwa umeshafunguka kusema "haya".

Akaomba dakika tano. Akapanda ngazi, akachutama juu ya dari peke yake, akatoa msumari mfukoni na kukwaruza. Msumari ukaacha mfereji na unga; zege lilikuwa bado changa. Hapo akaikumbuka siku ya kumwaga zege. Mvua ilikuwa imelowesha mchanga, na zege likatoka jepesi kama uji wa mgonjwa. Aliliona kwa macho yake. Alinyamaza, kwa sababu Wifi alimwambia wataanza kumwita mlalamishi.

Wifi, katika maneno yake yote, hakuwahi kutaja mchanga. Alimsema yeye tu: sauti yake, uanamke wake, watu watakavyomcheka. Hili la mchanga lilitoka kwingine.

Akashuka. Akasimama kati ya Kipara na nguzo ya kwanza.

"Hakuna kung'oa. Tokeni chini."

"Kisa?" aliuliza mwenye jengo.

"Zege lilizidi maji. Kosa ni langu, niliona nikanyamaza. Siku ishirini na moja, mzee, na hata moja haipungui."

Mwenye jengo alipangusa tope kwenye kiatu chake. "Sawa. Ila jengo langu la pili nitatafuta mtu mwenye moyo."

Watu wa plasta walikwenda kwingine kweli. Mafundi walibaki na vijikazi vya kuokoteza na soga nyingi, na jina likabadilika: sasa akawa Mama Nguzo. Wifi ndiye aliyefaidi, alihamia na mizigo yake yote. "Na kama ulikuwa woga tu?" Alimuuliza asubuhi akivaa viatu, akamuuliza tena jioni akivivua.

Siku ya ishirini na moja waling'oa. Dari ilisimama kimya, haikutoa hata ufa. Mwenye jengo akaitazama huku na huku, akapiga makofi.

"Si nilisema? Ingesimama tangu siku ile! Siku kumi na mbili, Mama, tumekaa kungoja woga wako uishe!"

Dari ambayo haikuanguka haina ushahidi. Kipara akaangua kicheko, wenzake wakamfuata, pale pale chini ya zege. Wifi naye akacheka, tena kuwashinda wote. Mama Timazi aliwatazama mafundi wake mmoja mmoja, midomo wazi, mabega yanatikisika, akawahesabu. Kumi na mmoja, wote wazima, na wote walikuwa wanacheka.