Mafunjo Nyuma ya Jabali

Mkuu wa kijiji Mangeni alikuwa mtu wa kutii, na utii ndio uliomponza. Wanajeshi walipotangaza kwamba wafanya magendo wanaficha mitumbwi ya kahawa ndani ya mafunjo, na kwamba ukingo wote wa ziwa upande wa Majanji ufyekwe, yeye ndiye aliyetangulia na panga. Alifyeka ya kwake mpaka maji yakabaki wazi, na akajisifu juu yake. Jamani, mtu na akili zake!

Misimu miwili ya mvua ikapita. Mawimbi yaliyokuwa yakichoka ndani ya mafunjo sasa yalikuja moja kwa moja. Yakala shamba la muhogo. Yakala zizi, ng'ombe wakahamishiwa kwa ndugu huko Buteba. Wavuvi nao wakasogeza vichanja vyao vya kukaushia samaki hadi kwenye mitama ya watu, na ugomvi ukawa wa kila siku. Kati ya mlango wa Mangeni na ukingo zilibaki hatua kumi na moja. Alizihesabu kila asubuhi.

Pembe moja tu haikuguswa. Nyuma ya jabali, Norah Nasirumbi, mjane wa kaka yake, alikataa kufyeka. Wanajeshi walimkalisha juani kutwa nzima, akaapa atafyeka kesho, wakaenda zao na hakuna aliyerudi kukagua. Ardhi yake ilikuwa palepale.

Siku moja Mangeni alimeza aibu, akaenda.

"Shemeji, leo umekuja bila panga?" Norah alimtania, jembe mkononi. "Basi kuna heri."

"Nyumba inakwenda na maji, shemeji. Nakuomba mahali pa kujenga."

"Kujenga utajenga. Chagua popote kule juu, kupita shamba la mtama. Lakini ng'oa mizizi ya mafunjo yangu ukapande kwako. Utakimbia maji mpaka lini?"

Mangeni alirudi na furaha, lakini hofu nayo ikamshika. Apande kilichokatazwa? Yeye, mkuu wa kijiji? Akawaza siku mbili. Siku ya tatu akavaa koti lake zuri, akaenda kambini kuomba ruhusa. Ndiyo, ruhusa! Alimweleza sajenti kwa heshima zote faida ya mafunjo, na kwamba mbegu ipo tele nyuma ya jabali.

Sajenti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe iko ingine?" akasema.

Lori la wanajeshi lilifika nyuma ya jabali kabla ya saa sita. "Wewe mkubwa ya kijiji, anza!" Mangeni akaanza. Alifyeka huku machozi yanamtoka, na wanajeshi wamesimama na bunduki zao wakitafuna miwa ya Norah. Kufikia jioni hapakuwa na unyasi uliosimama, na mawimbi yalikuwa yameshaanza kupiga udongo.

Lori lilipoondoka, Mangeni hakuweza kumtazama shemeji yake usoni.

"Ulikwenda kuomba ruhusa," Norah alisema. Hakupandisha sauti. "Ruhusa ya kupanda mafunjo."

"Shemeji, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani."

Akageuka kuyatazama maji yakipiga udongo wake. Mangeni akaona afadhali angetukanwa.

"Kiwanja bado ni chako," alisema hatimaye. "Ila jenga pembeni kidogo. Uniachie na mimi nafasi ya nyumba."